Musuguri, keya na usiku wa Lukaya

Haya wadau, leo tuongee jeshi. Najua wapo watakaosema jamaa kaishiwa, siasa kaacha, muziki kaacha, sasa anataka kuturudisha kidato cha pili kwa mwalimu wa historia. Nivumilieni kidogo. Nina deni, nataka kulilipa.

Jenerali mstaafu David Musuguri alipofariki tarehe 29 Oktoba 2024, pale Bugando, Mwanza, mimi nilikuwa zamu kwenye chumba cha habari. Nikapewa kazi ya kuandika taazia: maneno 400, na nusu saa ya kuyaandika. Nikaanza na kijana wa Butiama aliyejiandikisha kwenye jeshi la Mwingereza mwaka 1942, kwa sababu kwa akili yangu maisha ya mtu yanaanzia mwanzo. Kazi ikarudi imekatwa kichwa. Bosi akaniambia, "Bwana mdogo, watu wanamjua Musuguri wa Kagera. Haya ya keya yana kazi gani hapa?" Gazeti likatoka kesho yake, na mzee aliyeishi miaka 104 akaanza maisha akiwa na miaka 58.

Sikubishana. Ukiwa mgeni kwenye chumba cha habari hubishani. Lakini lile swali lilinikaa rohoni, maana kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyoona kwamba bila keya hakuna Kagera ya kusimulia.

Keya, kwa wale waliozaliwa juzi kama mimi, ni KAR, yaani King's African Rifles. Wazee walizisikia zile herufi tatu kinywani mwa Mzungu, wakazifanya neno moja la Kiswahili safi. Jeshi hilo Mwingereza aliliunda tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi alivyokuwa navyo Nyasaland, Kenya na Uganda. Sisi Tanganyika hatukuwemo, tulikuwa kwa Mjerumani. Batalioni ya 6, ambayo baadaye ndiyo ikawa ya Tanganyika, iliundwa upya mwaka 1917 vita vikali bado vinaendelea, na sehemu kubwa ya watu wake wa kwanza walikuwa askari waliotekwa kutoka kwa huyo huyo Mjerumani. Hebu fikiria. Jana unampigia saluti Mjerumani na kumlenga Mwingereza, leo umebadilishiwa kofia, unafundishwa kwata kwa Kiingereza. Mshahara ni mshahara.

Mimi kila siku nikitoka Mwenge kwenda Tegeta napita mbele ya kambi ya Lugalo. Konda anagonga bati, "Lugalo wapo?", watu wanashuka, safari inaendelea. Jina lile ni la pale Uheheni ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walikifyeka kikosi cha Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafia hapo. Jina zuri kwa kambi ya jeshi la nchi huru. Lakini kabla ya kuitwa Lugalo kambi ile iliitwa Colito, na hilo jina wengi wa rika langu hawajawahi kulisikia.

Colito ni mahali kusini mwa Ethiopia. Tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya 6 ya keya ilivuka mto Billate kuwashambulia Waitalia, na vifaru vya adui vikajitokeza wakati wao hawana silaha ya kuvizuia. Sajini mmoja, Nigel Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya, akarukia juu ya kifaru, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwa ndani. Akakifuata kingine. Hakurudi. Alipewa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote kwa Mwingereza, na batalioni ikapeleka jina la Colito nyumbani, ikaliweka kwenye kambi yake. Sina ugomvi na Leakey, alichofanya si mchezo. Ila pale mtoni walivuka watu wengi kutoka Tanganyika, na hao ukiwatafuta kwenye masimulizi unawakuta kwa jumla jumla tu, "askari". Basi.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoingia Musuguri mwaka 1942. Alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920, kijiji kile kile cha Mwalimu Nyerere, na alimzidi Mwalimu miaka miwili hivi. Mmoja akaenda na kalamu, mwingine akaenda na bunduki. Miaka 36 baadaye mwenye kalamu akamtuma mwenye bunduki kumng'oa jirani madarakani. Mtunzi wa tamthilia akiandika hivyo utasema kazidisha.

Musuguri alipelekwa Madagaska. Kisiwa kile kilikuwa mikononi mwa Wafaransa waliokuwa wamekubali kuishi chini ya kivuli cha Hitler, na Waingereza walihofia Wajapani wasije wakakifanya kituo cha nyambizi zao. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, ambamo batalioni yetu ya 6 ilikuwemo, ilipanda kutoka Majunga mwezi Septemba 1942, na tarehe 23 ya mwezi huo mji mkuu ulikuwa umeshachukuliwa. Kilichobaki kilikuwa kuwasukuma Wafaransa kuelekea kusini, wakiziba barabara kwa magogo na mawe kila baada ya maili chache, hadi walipoinua mikono mwanzoni mwa Novemba. Haikuwa vita ya kutisha kama ile ya Bama, ambako mwaka 1944 batalioni mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36, zilishuka bonde la Kabaw pamoja na wenzao wa Divisheni ya 11 kwenye mvua za masika ya kule, matope hadi magotini, malaria kila hema, hadi wakafika Kalewa mwezi Desemba. Wazee wa Bama wametoka karibu wote sasa.

Vita vilipokwisha wengi walirudi kulima. Musuguri akabaki jeshini, na hapa ndipo nilipotaka msomaji wa ile taazia yangu apite. Mwaka 1947 alikuwa sajini, mkufunzi wa makuruta kambi ya Kahawa, Kenya. Miaka mingi ya kazi yake ilikuwa hiyo: kuchukua mtoto wa mkulima asiyejua kushoto na kulia, kumpigisha kwata, kumfundisha kushika bunduki, kumzoesha milio. Mmoja wa waliopita mikononi mwake, kwa maelezo ambayo magazeti yetu yameyarudia mara nyingi, alikuwa kijana mmoja mrefu, bondia, kutoka Uganda, anaitwa Idi Amin.

Wote wawili walipanda ngazi ile ile fupi, koplo, sajini, sajini meja, mpaka wakafika kwenye dari. Dari hilo liliitwa efendi. Ni cheo Mwingereza alichokitenga kwa ajili ya Waafrika, juu ya sajini meja lakini chini ya luteni yeyote wa Kizungu aliyeshuka melini jana na ndevu hazijaota. Amin alikipata mwaka 1959, Musuguri naye alikipitia. Neno lenyewe tunalo hadi leo, ndilo "afande" ya kila siku. Wewe unayemwita trafiki afande ili akuachie leseni yako, unamwita kwa cheo cha keya.

Uhuru ukaja Desemba 1961, keya ya Tanganyika ikabadilishwa jina ikaitwa Tanganyika Rifles. Jina tu. Makamanda walibaki Waingereza na mishahara ikabaki ya kikoloni. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito wakaasi. Walitaka mambo mawili, Wazungu waondoke na mshahara upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. Batalioni ya pili, iliyokuwa Tabora, ikafuata. Musuguri alikuwa huko Tabora, na waasi wakamwambia kuwa wamempandisha cheo, sasa ni meja. Fikiria afisa wa miaka 44, nusu ya umri wake yuko jeshini, anapandishwa cheo na makuruta waliomgeuka mkubwa wao. Mwalimu alilazimika kuwaita hao hao Waingereza, wakashuka na helikopta kutoka meli yao ya kivita tarehe 25 Januari, wakawanyang'anya waasi silaha. Ilikuwa fedheha, na Mwalimu mwenyewe hakuificha kuwa ni fedheha.

Jeshi likavunjwa. Jeshi jipya, JWTZ, likaanza tarehe 1 Septemba 1964, vijana wengi wakiwa wametoka Umoja wa Vijana wa TANU. Kwenye sherehe tunaambiwa kila kitu kilianzia hapo, na kisheria ni kweli. Lakini mtu wa kuwafundisha vijana wale kulala chini risasi zinapolia hakutoka TANU. Alitoka keya. Walikuwa wachache, wale ambao hawakuchafuka kwenye maasi, na Musuguri alikuwa mmoja wao. Waganda nao walikuwa na wao, na wa kwao mwaka 1971 akaipindua serikali.

Sasa twende Kagera. Habari za Oktoba 1978 mnazijua, majeshi ya Amin kuvuka mpaka, mauaji, ng'ombe kuswagwa, daraja la Kyaka kuvunjwa, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia. Nisichokijua mimi hadi nilipoanza kusoma ni namna jeshi lilivyokusanywa. JWTZ ilikuwa na watu wasiofika 40,000. Kwa wiki chache ikavimba hadi zaidi ya 150,000, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000. Watu wa jembe. Askari wa kudumu wakawa kama chumvi kwenye sufuria ya maharage.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kwenye hayo maharage. Mkulima wa pamba, Misungwi, ana miaka 29, mke na watoto watatu, mafunzo yake ya mgambo alifanya na bunduki ya mti. Tangu nizaliwe nimesikia kwamba babu alipigana Uganda. Hakuna aliyewahi kusimulia zaidi ya hapo, na yeye mwenyewe ukimuuliza alikuwa anatafuta kazi ya kufanya uani.

Mwezi Februari 1979 Musuguri, meja jenerali, akapewa Divisheni ya 20. Kabla ya hapo Mutukula ilikuwa imeshachukuliwa mwezi Januari na kusawazishwa kwa matingatinga, na raia waliokutwa pale waliuawa kwa hasira ya yaliyofanyika Kagera. Mwalimu akaagiza yasirudiwe. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari, na mji ule nao ukabomolewa. Nayaandika haya kwa sababu kwenye taazia yangu hayakuwemo hata kabla ya kukatwa, niliyaacha mwenyewe, na hilo siwezi kumtupia bosi. Yako kwenye hesabu ya divisheni ile, pamoja na ushindi wake.

Kutoka Masaka barabara ya Kampala inapita Lukaya, na hapo kuna kinamasi kikubwa, barabara imeinuliwa katikati kama tuta. Tarehe 10 Machi Brigedi ya 201 ya Brigedia Imran Kombe, yenye mgambo wengi, ikatangulia barabarani pamoja na wapiganaji wa Uganda wa David Oyite-Ojok. Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ilikuwa imezunguka mbali upande wa magharibi. Mbele ya 201, bila wao kutarajia, kulikuwa na Waganda na Walibya kama elfu moja waliotumwa na Gaddafi, wana vifaru na roketi, wanakuja kuichukua tena Masaka.

Babu alinisimulia Krismasi ya 2024. Nilikuwa nimemletea lile gazeti. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," akalichukua, akaiangalia picha ya Musuguri muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akaanza mwenyewe, sikumuuliza.

Alisema ilikuwa jioni, giza linaingia, wako kwenye tuta. Roketi za Walibya zikaja kwa mkupuo, na mlio wake, babu alisema, ni kama mtu anachana shuka la mbingu. Zilipita juu ya vichwa vyao zikaangukia nyuma. Karibu yake hakufa mtu. Lakini walikimbia. "Tulikimbia wote," akasema. "Mimi nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, sikurudi kukichukua." Alilala kwenye migomba ya mtu asiyemjua, ameshika bunduki asiyoifyatua. Miaka 45 alikuwa amelifungia hilo kifuani, kwa sababu kijijini walipokewa kwa ngoma kama mashujaa, na shujaa hasemi alikimbia.

Nilimwambia, babu, hata vitabu vinasema hivyo. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliofuatana na jeshi lile, waliliandika hilo kwenye kitabu chao cha mwaka 1982: roketi nyingi zilipita juu, mgambo wakatawanyika kwa woga. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia Wazungu walikuwepo kwenye ile migomba.

Usiku ule ule vita ingeweza kugeuka. Kama Walibya wangesonga, Masaka ingekuwa yao asubuhi. Hawakusonga, wakatulia pale Lukaya. Na Musuguri alifanya jambo ambalo ukilisoma haraka unaona la kawaida kabisa. Akaamuru 201 ikusanywe ijipange upya, na 208, iliyokuwa kilometa kama 60 kutoka pale, igeuze irudi kuelekea barabara ya Kampala, usiku, kwa miguu. Alfajiri ya tarehe 11 Machi 208 ilikuwa imefika ubavuni. Wale wale waliokimbia jioni wakarudi kutokea mbele, na Walibya wakajikuta katikati. Walikufa Walibya kama 200, na Waganda wa Amin karibu idadi hiyo hiyo. Wengi wa hao Walibya nao walikuwa mgambo, wengine walidanganywa kuwa wanakwenda kwenye mazoezi ya pamoja. Hilo babu hakulijua, nilipomwambia akanyamaza, akasema, "Kumbe."

Hapa nitoe langu, mnaweza kukataa. Mwanajeshi aliyesoma chuo tu, brigedi yake ikivunjika usiku, angeweza kuona kwamba ile brigedi imekwisha, avute watu nyuma hadi Masaka aanze upya. Musuguri alikuwa amekaa Kahawa miaka akiwatazama makuruta. Nadhani alijua kitu kuhusu mtoto wa mkulima anayesikia mzinga kwa mara ya kwanza: atakimbia, na ukimpata kabla hajapata muda wa kuona aibu, asubuhi atapigana. Huyo jamaa hakumjua kutoka kwenye kitabu. Amin naye alitoka shule ile ile, lakini alikuwa ameshawaua au kuwafukuza maafisa wake wengi, na askari wake wakawa wezi wa magari ya watu Kampala. Lukaya ilimalizana naye. Entebbe ikaanguka tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 10 na 11, na Musuguri, aliyeanza vita hajulikani nje ya kambi, akabaki na jina la Jenerali Mutukula.

Avirgan na Honey wanaandika kwamba JWTZ ilipoteza watu 373 katika vita vyote, na kati yao waliouawa na adui ni 96. Waliobaki wengi ni ajali na maradhi. Nimewahi kusikia watu wazima wakibishana kijiweni kwa maelfu.

Mwaka 1980 Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi, akimpokea Abdallah Twalipo, mzee mwingine wa keya. Akakaa hadi 1988, akastaafu, akarudi Butiama. Miaka hiyo nane sina la kuisimulia sana, ilikuwa ya kulea jeshi kwenye nchi isiyo na fedha, baada ya vita iliyokwangua hazina hadi chini. Tuliambiwa tukaze mkanda miezi 18, na wazazi wetu wanasema mkanda ule haukuwahi kulegezwa.

Nilimuuliza babu kama aliwahi kumwona Musuguri kwa macho. Akasema mara moja, baada ya Lukaya, gari lilipita kwenye tuta, mzee mmoja amekaa mbele, wakaambiwa ndiye. Wao walikuwa wamekaa kando ya barabara wanakula. Babu alikuwa ameokota kiatu cha Mlibya, kikubwa kuliko mguu wake, amekijaza majani ya mgomba. Alisimama kwa mguu mmoja akapiga saluti. Gari halikusimama.

Mwezi wa pili nilirudi Misungwi kwa msiba wa jirani. Ile picha ya Musuguri babu ameikata kwa wembe vizuri kabisa, ameibandika ukutani pembeni ya kalenda. Maneno yangu 400 nayo yalikuwa yameshakwenda yote, ameyasokotea tumbaku.